Kibodi ya Mkono Mmoja

Tableti niliyomnunulia Mama niliirudisha dukani hata karatasi ya nyuma sijaibandua, na muuzaji akaniuliza ina kasoro gani. Nikamwambia haina kasoro, ina kioo. Akanitazama. Nikamweleza kwamba mama yangu amezoea vitufe vinavyobonyea, na kwamba akigusa kile kioo kwa kidole kinachotetemeka, herufi moja inatoka mara tatu, halafu chombo chenyewe kinajifanya kinajua zaidi na kuligeuza neno lake kuwa la Kiingereza. Muuzaji akaniuliza kama ningependa yenye kioo kikubwa zaidi. Hapo nikajua hatutaelewana, nikaondoka.

Mama alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia anauburuta, na ulimi umegoma kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya usemi, binti mpole ambaye hakuna kilichomtoa kwenye upole wake hata mimi, alinieleza kwamba akili ya Mama ni ile ile na maneno yote yamo. Ni mdomo tu usiotii. Habari hiyo ilinifariji kwa muda wa kushuka ngazi za hospitali. Nilipofika kwenye gari ikaanza kunitia wazimu. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyekuwa akibishana na wenye maduka wote wa Al Baraha, mtaa wetu hapa Dubai, kwa Kiswahili na Kiarabu na Kihindi cha sokoni, sasa amekaa kwenye kochi ana kila kitu cha kusema na hana pa kukipitishia.

Na lilikuwepo jambo lililohitaji aseme. Kaka yangu alitaka kumchukua akakae kwake, JVC, mtaa mpya ng'ambo ya jiji, kwenye jengo lenye lifti inayofanya kazi na bustani ya kusukumia kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa naishi na Mama katika fleti ile ile ya Al Baraha tuliyokulia, ghorofa ya juu, lifti inayoharibika kila ikijisikia. Lakini Al Baraha ndiko wanakopita wanawake wenzake wa Unguja kumjulia hali, ndiko muuza mikate anakomjua kwa sauti ya kikohozi. Nilimwambia kaka yangu kwamba Mama hatoki hapa. Akaniuliza, taratibu kama kawaida yake, kama Mama ndiye aliyesema hivyo. Nikamjibu kwamba mimi ni binti yake, najua. Tukaachana vibaya kwenye simu.

Basi nikajiwekea kazi moja: Mama aseme mwenyewe, kwa njia yoyote, kwamba anabaki, ili kaka yangu anyamaze.

Tulijaribu kalamu. Mkono wa kushoto haukuwahi kuandika maisha yake yote, na alichotoa kilikuwa mikwaruzo iliyomfanya yeye mwenyewe ageuze uso. Tukajaribu karatasi yenye herufi kubwa, yeye aonyeshe kwa kidole na mimi niunge. Hiyo ilikwenda vizuri kwa muda, kwa sababu mimi ni mwepesi. Akionyesha herufi mbili mimi neno nimeshalijua. Akionyesha M na A, nasema maji. Akionyesha C na H, nasema chai, au choo, nachagua kwa kumwangalia usoni. Lakini baada ya siku chache akawa anafumba macho na kuisukuma ile karatasi. Nikamwambia mtaalamu kwamba herufi zinamchosha. Akaandika kitu kwenye faili lake.

Ndipo nikakumbuka kwamba Mama alikuwa mpiga chapa.

Sikuwa nimesahau, ila lilikuwa jambo la zamani mno kulifikiria. Baba alikuwa karani wa mizigo pale Al Hamriya, kwenye bandari ya majahazi, na hakupenda mkewe aonekane bandarini. Basi bandari ikaletwa nyumbani. Jioni Baba anarudi na mifuko ya shati imejaa vikaratasi: magunia ya nani, friji za nani, zinashuka Unguja au Mombasa. Mama anaketi kwenye meza ya jikoni, sufuria zimesukumwa pembeni, anaandika hati za mizigo. Mwanzoni walikuwa na mashine moja kubwa ya chapa, mali ya tajiri wa Baba, arbab kama tulivyomwita, ambayo waliiita ya mkononi kwa sababu tu ilikuwa na mpini. Ukiibeba kutoka Al Hamriya mpaka nyumbani bega linashuka kwa juma zima. Kisha arbab akarudi kutoka safari moja ya mashariki na kikompyuta kidogo cheusi, ukubwa wa kitabu cha darasa, kimejikunja. Yeye mwenyewe alikuwa na vidole kama ndizi mkono wa tembo, akibonyeza kitufe kimoja vinaitikia vitatu. Akakitupia kwa Baba. Baba naye hakukiweza. Mama, mwenye viganja vya mtoto, alikiweka mezani akaanza kuandika kana kwamba kimeshonwa kwa kipimo chake.

Mimi nilikuwa msichana wakati huo na nilikichukia. Kila mtu aliyekiona alisema, loo, chepesi hiki, na mimi ndiye niliyebeba mfuko wake. Waliokitengeneza hawakuuondoa uzito, waliuhamisha. Pa kutia disketi walipatoa nje, pakawa kisanduku cha pekee chenye waya wake. Matundu ya kuunganisha printa waliyatoa nje, yakawa kibao cha pekee cha kubandika nyuma. Chaja ilikuwa nzito kama tofali. Ukivikusanya vyote, kikompyuta chepesi kilikuwa mzigo wa watu wawili, na ukisahau kimoja nyumbani, vilivyobaki havina kazi. Sijui ni nani alidanganywa zaidi, sisi au waliovumbua.

Lakini sikuanza na hicho. Nilianza na cha karibu, kama mtu mwingine yeyote, nikamletea Mama kompyuta yangu ya ofisini. Ni ile ya siku hizi, nyembamba kama sinia, ambayo madam wangu kazini anaisifia kama vile ameizaa yeye. Nikamwekea Mama mapajani. Vitufe vyake havishuki. Ukibonyeza hujui kama umebonyeza. Kibodi ni pana, mkono mmoja unasafiri kutoka pembe hii hadi ile kama mtu anayetafuta miwani gizani. Na pale chini kuna kile kiwanja cha kupapasa kwa kidole, kikubwa bila sababu, kiganja cha Mama kikipumzika pale maneno yanaruka juu, yanajichagua, yanajifuta. Aliandika herufi kadhaa, zikatoweka. Akaandika tena, zikatokea mstari mwingine. Akanitazama kwa jicho ambalo utotoni lilitangulia kofi.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kabatini kulikuwa na kile kilaptop cha plastiki nilichokinunua wakati vilipokuwa fasheni, vile vidogo vya bei nafuu ambavyo kila mtu alikwenda navyo nyumbani kuwapa watoto wa ndugu. Kibodi ilikuwa karibu na saizi yake. Nikafurahi mapema. Kiliwaka kwa kujikokota, Mama akaweka vidole, akaandika "na", halafu kioo kikawa cha buluu kikatangaza kwamba kinajisasisha na tusikizime. Hatukukizima. Tulikula chakula cha mchana, tukaswali Alasiri, chenyewe kinajisasisha. Mpaka leo sijui kilikuwa kinajisasisha kuwa nini. Betri yake ilikuwa imevimba mpaka kimelala upande, nikaogopa kitawaka moto kwenye mapaja ya mgonjwa, nikakitoa nje barazani.

Nilikasirika na kila mtu aliyewahi kuchora kompyuta. Kila walipoifanya nyembamba walikata kitu, na kila mara walikata kile mama yangu alichokihitaji. Walikata kina cha vitufe. Walikata udogo wa kibodi, eti mikono ya watu inataka nafasi. Mikono ya watu gani? Mwishoni wakakata vitufe vyote wakabakiza kioo.

Kikompyuta cheusi kilikuwa kwenye sanduku la nguo za Idi, kimefungwa kwenye kanga. Nilikifungua nikakiweka kwenye meza ya kitanda, mbele ya Mama. Hakunitazama mimi. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe. Kidole kidogo kikatafuta pembe, kidole gumba kikalala kwenye kitufe kirefu cha chini, na bila kuangalia akaanza. Kibodi ilikuwa fupi kiasi kwamba mkono mmoja uliweza kuvuka hadi upande wa pili bila kunyanyuka. Vitufe vililia vile vile kama jikoni enzi hizo. Aliandika mstari mrefu, akanyamaza akifikiri, akaandika mwingine. Kisha akainua macho akanisubiri nijibu.

Kioo kilikuwa cheusi. Hakikuwa na umeme. Alikuwa ameniambia jambo zima, pengine jambo ambalo amelibeba tangu siku aliyoanguka, na halikuandikika popote.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nimeelewa."

Akauondoa mkono kwenye vitufe. Usiku huo nilimtumia kaka yangu ujumbe kwamba nimemuuliza Mama na Mama anataka kubaki.

Betri ilikuwa imekufa zamani. Kilichotakiwa ni chaja, na chaja haikuwamo kwenye kanga. Nikakipeleka kikompyuta kwenye duka la kutengeneza laptop, Deira, kwa kijana wa Mombasa ambaye kila nikimpelekea simu hunipa maneno matamu. Akakigeuzageuza, akachungulia tundu la umeme, lenye pini za ajabu zisizofanana na chochote dukani mwake.

"Dada, hii khalas," akasema. "Hii hata kwao washasahau kama waliitengeneza. Nikuwekee hii nyingine, slim, ina touch, nitakupa bei ya nyumbani."

"Sitaki slim. Nataka chaja ya hii."

"Basi naweza kukata waya nikaunga direct, tujaribu bahati. Ikikubali, alhamdulillahi."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, inshallah hutakuwa umepoteza kitu. Hii si ni takataka, dada?"

Nilikichukua kikompyuta changu nikatoka bila kuaga. Nilitembea mpaka kwenye maegesho nikimjibu kwa sauti, peke yangu, juani.

Nilijua ni nani wa kumuuliza. Baba alipofariki, baada ya hitima, shangazi yangu ndiye aliyegawa vitu vyake vidogovidogo, ili kila mmoja wetu abaki na ukumbusho wa marehemu. Ni ada yetu na sina ugomvi nayo. Kofia huyu, saa yule, bakora yule, redio mwingine. Mama alikuwa chumbani amekaa eda, na shangazi alikuwa sebuleni na ule mfuko wa kikompyuta, anatoa kitu kimoja kimoja.

Shangazi anakaa jengo la pili kutoka kwetu. Nilimkuta amenyoosha miguu mbele ya kiyoyozi anapepeta mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wifi yangu hajambo?"

"Hajambo kidogo. Shangazi, ile kompyuta ya Mama, chaja yake ulimpa nani?"

"Ya Mama wapi? Ile ya kaka yangu. Arbab alimpa yeye."

"Aliyekuwa akiitumia ni Mama."

"Alimsaidia mumewe, Mungu amlipe. Lakini kitu cha mwanamme." Akaendelea kupepeta. "Mie sikumdhulumu mtu. Wewe nilikupa hiyo yenyewe yenye kioo. Kile kisanduku cha pembeni nilimpelekea mwana wa dada yetu, Unguja, alikuwa anapenda redio. Kile kibao cha nyuma, sikumbuki, nadhani kiliwekwa mlango usijipige."

"Na chaja, Shangazi?"

"Kile cheusi kizito? Nilimpa kaka yako. Yeye si mtu wa umeme?"

Mashine moja, kwa kuwa ilikuja vipande vipande, ikarithiwa vipande vipande kama nyama ya kondoo. Na aliyekuwa akitafuta riziki nayo kwa vidole vyake hakuulizwa, kwa sababu ilionekana si yake. Niliwaza, na niliwaza kwa uchungu, kwamba katika nyumba yetu kila mtu anajua Mama anataka nini isipokuwa Mama.

Kwa kaka yangu sikutaka kwenda, lakini nilikwenda. Yeye ni msimamizi wa mafundi wa viyoyozi, mtu wa maneno machache na mwendo wa pole, ambaye kukaa naye kwenye foleni ni adhabu. Alinifungulia mlango, akanikaribisha, akaenda kuchemsha chai. Sikutaka chai. Aliichemsha yote, na hiliki, na tangawizi, tukainywa. Hakuutaja ule ujumbe wangu. Nilipomaliza kueleza, aliinuka akaleta sanduku la waya, kila waya umekunjwa na kufungwa kwa kitambaa, akaanza kuutoa mmoja mmoja na kuupanga sakafuni. Ningekuwa mimi ningeligeuza lote juu chini.

Chaja ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwa kipande cha kikoi cha Baba.

"Miaka yote hii ulikuwa nayo," nikasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nipe niende."

"Nitakuja nayo Ijumaa, baada ya swala. Nataka niwepo."

"Kaka, Mama anasubiri."

"Najua," akasema. "Ijumaa."

Nilirudi Al Baraha mikono mitupu, nimekasirika kiasi kwamba niliikosa njia ya kutokea JVC nikazunguka mzunguko ule ule mara nyingi. Alitaka awepo, nikajiambia, na awepo. Ayaone kwa macho yake.

Ijumaa alikuja na kanzu yake ya msikitini na ile chaja mfukoni. Nilikuwa nimeshamkalisha Mama mezani, nimemvalisha dera la kijani, nimemsuka. Kaka yangu alichomeka waya, akasubiri kidogo, akabonyeza. Kikompyuta kikanguruma ndani, kikatoa mlio mmoja mwembamba, kikalalamika kwamba hakijui leo ni tarehe gani. Kaka akakiruhusu kisijue. Kioo kikaja na rangi ya majivu, hafifu, ukikitazama kwa pembeni huoni kitu, na ndani yake kijimstari cha kuandikia kinapepesa.

Nikasimama nyuma ya kiti cha Mama ili nisome.

"Mama," nikasema, "mwambie Kaka unataka kukaa wapi."

Mkono wa kushoto ukapanda kwenye kibodi. Ukaandika, taratibu lakini bila kukosea: nataka k

"Kubaki," nikasema, nikimgeukia kaka yangu. "Umeona? Anataka kubaki."

Mama akafuta yote. Tuliisikia ile sauti ya kitufe kimoja ikirudia, herufi zinaliwa kutoka kulia kwenda kushoto mpaka kioo kikawa kitupu. Akaanza upya. nataka kw

"Kwake hapa hapa, Kaka, kwenye nyumba yake..."

"Mwache amalize," kaka yangu akasema. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi pembeni mwa meza, mikono mapajani, na sijui alikuwa amekaa hivyo kwa muda gani.

Nikanyamaza. Ilikuwa kazi. Katikati ya herufi na herufi palikuwa na nafasi ambayo mimi ningeweza kujaza neno zima, na neno lilinijaa mdomoni, nikalimeza. Mstari ukakua.

nataka kwenda kwa kaka yako

Nilisoma mara ya pili nikidhani amekosea. Mama hakuniangalia. Alipumzisha mkono kidogo, akashuka mstari mwingine.

wewe unanipenda mwanangu najua. unanilisha unaniogesha mungu akulipe. lakini tangu niumwe sijamaliza neno hata moja humu ndani. kaka yako ananisubiri

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia kwamba nilikuwa namsaidia, kwamba kuonyesha herufi moja moja kulikuwa kunamchosha na mimi nilikuwa nampunguzia safari. Kwamba nimeacha mambo yangu mengi, kwamba nimezunguka Dubai nzima kwa ajili ya hiki hiki kikompyuta ili apate kusema. Kwamba kule JVC hana anayemjua, kwamba nani atamsuka. Maneno yalinitoka kwa kasi, yote ya kweli, na wakati wote nikisema nilikuwa nasikia vitufe vinaendelea chini ya sauti yangu.

Kaka yangu akainua kidole akanionyesha kioo.

bado sijamaliza

Nikavuta kiti, nikakaa.